Rubani wa Lancaster alijua karibu nusu ya wenzake hawatarudi. Ni nini kilimpandisha tena usiku uliofuata?

#1 | Kijukuu wa Askari
Wakuu, salaam.

Nasoma habari za marubani wa ndege za mabomu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wale wa Bomber Command, na kuna jambo halijaniingia akilini hadi leo.

Wanaanga waliopita katika kikosi kile walikuwa kama 125,000. Waliokufa ni 55,573. Hiyo ni karibu 44 katika kila 100. Na wote walijitolea. Hakuna aliyelazimishwa kuwa mwanaanga. Rubani wa Lancaster mara nyingi alikuwa kijana wa miaka 21 au 22. Anakabidhiwa ndege ya injini nne inayofika tani 30 ikishajazwa petroli na mabomu, pamoja na roho za watu sita wengine. Anaondoka jua likizama na kukaa angani kwa muda wa saa saba au nane mpaka Berlin na kurudi, kwenye baridi ya kugandisha, mizinga inapiga kutoka chini na ndege za Wajerumani zinamwinda gizani kwa rada. Akirudi alfajiri anapewa yai na nyama, anaenda kulala, anakuta kitanda cha jirani kimetandikwa upya na vitu vya mwenyewe vimeshaondolewa. Mchana akiamka, jina lake liko tena kwenye orodha ya usiku.

Na anapanda.

Swali langu ni hilo tu: ni nini kilimpandisha? Tusiishie kwenye neno uzalendo. Marehemu babu yangu alipigana Burma akiwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nilipomuuliza aliwezaje, alijibu kwamba ukishakuwa ndani ya msitu ule huna pa kwenda, unapigana. Huyu rubani alikuwa na pa kwenda. Jana jioni alikuwa kwenye baa ya kijijini na mchumba wake, leo usiku yuko juu ya Berlin, kesho jioni baa tena. Mimi naona hiyo ni ngumu kuliko msitu.

Karibuni.

#2 | Mpiga Kasia
Nimevuta kiti. Mods msiufunge huu.

#3 | Fundi Injini
Mkuu asante kwa uzi. Mimi nimestaafu ufundi wa ndege, na injini za Merlin, zile za Lancaster, nilizisoma tangu chuoni, kwa hiyo nitaongea kutoka upande huo.

Jibu langu: ni wale sita. Angalia walivyopatana. Jeshi halikuwapanga kwa orodha. Waliwaingiza kwenye banda kubwa la ndege, marubani, waongoza njia, walenga mabomu, watu wa redio na wapiga bunduki, wakaambiwa chaguaneni wenyewe. Mtu anamwendea mwenzake ambaye hajawahi kumwona, "una rubani wewe?", basi. Fundi wa injini aliongezwa baadaye walipohamia ndege kubwa. Kuanzia hapo wanakula pamoja, wanalala banda moja, wanakwenda likizo pamoja. Na ndani ya ndege rubani ndiye mkuu hata akiwa sajini na mwongoza njia wake ni ofisa.

Lancaster haikuwa na rubani wa pili. Ikipigwa, rubani anashika usukani ndege itulie ili wenzake waruke kwa parashuti, yeye wa mwisho. Mlango wa dharura wa mbele ulikuwa na upana wa inchi 22, na mtu aliyevaa nguo za baridi na parashuti kifuani alikuwa anakwama. Katika Lancaster zilizotunguliwa waliookoka walikuwa kama 15 katika 100. Kwenye Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya injini nne, ambayo mlango wake ulizidi inchi mbili tu, walikaribia mara mbili ya hao.

Sasa kijana wa namna hiyo akisema leo siendi, wale sita wanapewa rubani mgeni. Na kila mtu kambini alijua kinachowapata watu wanaopewa rubani mgeni. Ndiyo maana alipanda.

#4 | Mwalimu wa Hesabu
Fundi nakuheshimu, ila nadhani sababu ni nyepesi zaidi: hesabu yenyewe hawakuwa wameikalia.

Chukua hasara ya ndege nne katika kila 100 kwa safari moja. Kwa sikio ni ndogo. Rubani anasikia nne, anajiambia 96 tunarudi. Lakini mzunguko mmoja ulikuwa safari 30. Zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 30, utapata 0.29. Katika marubani 100 wanaoanza, 29 ndio wanaomaliza. Hasara ikiwa tano, wanabaki 21. Akili ya binadamu haioni hivyo. Inaona usiku mmoja mmoja.

#5 | Sauti ya Pwani
Mwalimu hesabu hiyo ina walakini. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa rubani wa mabomu, akaruka mara 80 na akafa mzee wa miaka 96 mwaka 2013. Kwa hesabu yako angekuwa amekufa mara tatu. Tena wengi humu hawajui kwamba huyu bwana alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu hapa kwetu Tanzania, kuanzia 1967 hadi 1971. Wazee wa sheria wa Dar wanamfahamu.

#6 | Fundi Injini
Sauti ya Pwani, la jaji umesema kweli na umefanya vyema kulileta. Lakini Cross hakuwa rubani, alikuwa mwongoza njia, na hakuruka na Lancaster. Alikuwa kikosi cha 139 kwenye Mosquito, ndege ya mbao ya watu wawili, injini mbili, yenye mbio kiasi kwamba Wajerumani walipata taabu kuifikia. Hasara ya Mosquito ilikuwa sehemu ndogo sana ya hasara ya Lancaster. Kwa hiyo safari zake 80 hazivunji hesabu ya Mwalimu. Zinaonyesha tu kwamba aina ya ndege uliyopangiwa ndiyo iliyoamua umri wako.

Hata hivyo asidhani mtu alikuwa matembezini. Safari moja walirudi na injini moja wakaishia kwenye shimo la machimbo ya mawe. Alipewa nishani za ushujaa za DFC na DSO.

#7 | Kamusi ya Anga
Naongeza marekebisho mengine, kwa Mwalimu #4. Hasara ya nne au tano katika 100 ni ya vipindi vibaya, hasa majira ya baridi ya 1943 hadi 1944 walipokuwa wanaipiga Berlin. Kwa vita vyote, ndege zilizopotea ni kama 2.3 katika kila safari 100. Weka hiyo kwenye fomula yako.

#8 | Mwalimu wa Hesabu
Kamusi, nimeiweka. Inatoka 0.5. Nusu. Yaani hata kwa wastani wa vita nzima, kumaliza safari 30 ni kurusha sarafu. Na hakuna rubani aliyeishi kwenye wastani. Aliyeanza Novemba 1943 aliishi kwenye ile 29, aliyeanza Machi 1945 aliishi vizuri zaidi sana.

#9 | Mpiga Kasia
Mwalimu na Kamusi wakikutana kwenye uzi mmoja sisi wengine tunarudishwa darasa la saba 😄 Endeleeni wakuu.

#10 | Binti Kigamboni
Hamjambo. Kaka zangu mmezungumza urafiki na hesabu, mimi nazungumza aibu.

Rubani aliyekataa kuruka bila ugonjwa unaoonekana alipigwa muhuri wa herufi tatu, LMF, maana yake jeshi limeamua kwamba hana uthabiti wa moyo. Ananyang'anywa beji ya mabawa kifuani. Anaondolewa kambini upesi, kabla wenzake hawajaanza kujiuliza maswali. Faili lake linamfuata kila kazi atakayoomba jeshini. Huyu huyu ambaye labda ameshakwenda Ujerumani mara 20! Makamanda wengine walikuwa na huruma wakampeleka mtu kwa daktari kimyakimya, wengine walimvua mabawa mbele ya gwaride.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za majeruhi usiku. Nimeona wenzangu wenye mikono inayotetemeka wakirudi zamu kwa sababu tu hawataki kuonekana wameshindwa, na sisi hatupigwi mabomu. Nikisoma habari za LMF naelewa kabisa kwa nini kijana wa miaka 21 aliona afadhali Berlin.

#11 | Dereva wa Masafa
Binti Kigamboni umeongea. Mimi ni dereva wa malori, Dar hadi Tunduma. Mwenzangu alifia Kitonga na wiki hiyo hiyo nilipita kona ile ile na mzigo. Aibu haikuwepo wala uzalendo. Ndani yangu nilikuwa na hakika kwamba yeye alikosea kitu ambacho mimi sikosei. Nadhani wale marubani walikuwa hivyo. Kila mtu anaamini atakayekufa ni jirani.

#12 | Kamusi ya Anga
Dereva, hilo lina ushahidi. Waliamini bahati kuliko kitu kingine. Kuna waliobeba vikaragosi vya watoto ndani ya ndege, kitambaa cha mchumba shingoni, na kuna ndege ambazo wote saba walikojolea gurudumu la mkia kabla ya kupanda, kila usiku. Akisahau mtu, wanamngoja amalize. Hao ni watu waliosomea jiometri ya anga na injini.

#13 | Msomaji Kimya
Mimi nilisikia walipewa dawa. Vidonge vya kuondoa woga. Mbona hamsemi?

#14 | Binti Kigamboni
Msomaji Kimya, vilikuwepo, Benzedrine, lakini kazi yake ni kumkesha mtu asisinzie kwenye safari ndefu. Havikuwa vidonge vya ushujaa. Wengi walivimeza baada ya ndege kuruka, kwa sababu ukimeza mapema halafu safari ikafutwa kwa sababu ya ukungu, unabaki macho mpaka asubuhi unatazama dari. Tena rubani mwenye woga akitiwa kiamsho, woga unaamka naye.

#15 | Mwana wa Lincoln
Salaam kutoka Lincoln, Uingereza. Naishi huku kwa miaka mingi, na mkoa huu ndio uliojaa viwanja vya Lancaster wakati ule. Kilimani kuna kumbukumbu ya Bomber Command, mnara wa chuma wenye urefu wa mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster kutoka ncha hadi ncha. Umezungushiwa kuta za majina karibu 58,000. Nimewapeleka wageni wengi kutoka nyumbani pale na kila mmoja anaishia kutafuta majina ya Kiafrika na ya Karibea, na yapo.

Nataka niwape mfano mmoja unaogusa kila jibu mlilotoa. Billy Strachan, Mjamaika, aliuza baiskeli na saksafoni yake apate nauli ya meli kuja kujiunga, mwaka 1940. Alianza kama mpiga bunduki kwenye ndege ya mabomu ya Wellington, akamaliza mzunguko wake. Alikuwa na haki ya kazi ya nchi kavu. Akaomba kusomea urubani. Akawa rubani wa Lancaster, na akasifika kwa kuzichezesha ndege za Wajerumani: anangoja mpaka zimkaribie nyuma, anapunguza mwendo ghafla na kutumbukia chini, zinampita.

Halafu usiku mmoja wa ukungu anaruka na bomu kubwa tumboni. Akiwa anapanda juu anamuuliza fundi wake kama wako kwenye njia. Fundi anachungulia, anamwambia wamelipita kanisa kuu la Lincoln sasa hivi, hapo hapo kwenye ncha ya bawa. Strachan hakuwa ameliona kabisa. Akaruka mpaka Bahari ya Kaskazini, akalitupa bomu mahali pasipopita meli, akarudi akatua. Ikawa mwisho. Alisema mwenyewe kwamba alijua papo hapo hawezi tena.

Ninalipita kanisa hilo karibu kila siku, na ninamfikiria. Wajerumani hawakumshinda. Kilichommaliza ni jengo la nyumbani, usiku ambao hakuna aliyempiga risasi. Kwa hiyo ndugu Kijukuu, pamoja na kuuliza nini kiliwapandisha, uliza pia kiliisha lini. Nadhani kila mmoja alikuwa na akiba yake ya moyo, na hakuna aliyejua ya kwake ni kiasi gani hadi itakapokwisha.

#16 | Kijukuu wa Askari
Mwana wa Lincoln, asante sana. Hii ya Strachan sikuwa nayo. Ila nikuulize: kama ni akiba inayokwisha, mbona wengine walimaliza safari 30, wakapelekwa kufundisha kwa miezi sita hivi, kisha wakaomba wenyewe kurudi kwa mzunguko wa pili wa 20?

#17 | Fundi Injini
Kufundisha kwenyewe kulikuwa hatari, mkuu. Zaidi ya 5,000 walikufa mafunzoni, ndege chakavu, wanafunzi wachovu, hali ya hewa ya Uingereza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ilihamishiwa Kanada, Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, kwenye anga safi. Mtu anajiambia kama ni kufa, bora nife na watu wangu kuliko na mwanafunzi. Narudi pale pale nilipoanza: wale sita.

#18 | Mkaazi wa Nyeri
Hamjambo wote. Nimesoma kwa makini na ninawaheshimu waliokufa, lakini sisi wa Nyeri ndege hizi tunazijua kutoka upande wa chini.

Novemba 1953 Uingereza ilileta ndege za mabomu ziitwazo Lincoln, kama ule mji, katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, kupiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walikojificha Mau Mau. Zilibaki mpaka 1955. Nyanya yangu alikuwa katika vile vijiji vya hali ya hatari, vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Alisimulia mlio wa injini unaotangulia, halafu ardhi inatikisika mara nyingi mfululizo, na wanawake wanahesabu kimya kwa sababu kila mmoja ana mtu msituni. Wanyama walitoka msituni wakiwa na majeraha.

Rubani wa Lincoln hakuwa na mzinga wa kumngoja wala ndege ya kumwinda. Alirudi Nairobi kula chakula cha mchana. Alipanda kwa sababu gani yeye? Hakuna aibu, hakuna hesabu ya nusu. Nadhani alipanda kwa sababu alipewa amri na ramani, na nashuku wale wa Berlin vilevile.

#19 | Bin Nizwa
Assalamu alaykum. Nipo Muscat, mzaliwa wa Unguja. Ndugu wa Nyeri amenigusa. Upande wa ukoo wetu uliobaki Oman ulipitia hayo hayo katika vita vya Jabal Akhdar, 1957 hadi 1959. Ndege za Shackleton za Uingereza zilipiga vijiji vya juu mlimani, Saiq na Shuraijah, na falaji, mifereji ya kumwagilia mashamba, ikavunjika. Falaji ikivunjika mitende na makomamanga yanakufa, hata kama hakuna aliyeguswa na bomu. Wazee hawakuwa na jina la rubani hata mmoja. Walikuwa na majina ya mifereji.

#20 | Fundi Injini
Ndugu wa Nyeri na Bin Nizwa, poleni. Naongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui: hizo ndege ni ukoo mmoja. Kampuni ya Avro walitengeneza Lancaster, wakaikuza ikawa Lincoln, na kutoka Lincoln wakapata Shackleton. Mikono ile ile, kiti cha rubani kile kile upande wa kushoto.

#21 | Sauti ya Pwani
Jamani uzi ni wa Vita vya Pili. Tukifungua Mau Mau na Oman tutafika kesho.

#22 | Mkaazi wa Nyeri
Sauti ya Pwani, wewe ndiye uliyetuletea jaji wa Trinidad 🙂 Swali la mwenye uzi ni nini humpandisha rubani. Siwezi kulijibu kwa kumtazama anayerushiwa mizinga peke yake.

#23 | Mzawa wa Mwanza
Basi na mimi niingie, maana tukio la Mwanza halisemwi sana. 29 Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, Gaddafi alimtumia Amin msaada, na ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, ikaja kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikayakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala na ndege. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka mlio na watu wazima wakikimbilia kuelekea ziwani badala ya kulikimbia.

Mpaka leo najiuliza kuhusu yule rubani. Ametoka mbali, anapiga mji ambao hauna ugomvi na mji wake. Sidhani alikuwa na wenzake sita wa kufa nao kama anavyosema Fundi. Hapo nakubaliana na Nyeri: amri na ramani.

#24 | Mama Salha
Hamjambo wanangu. Mmekaa wanaume na wanaume mpaka #23 bila kuwataja wanawake. Kikosi cha 588 cha Urusi kilikuwa cha wanawake watupu, marubani, waongoza njia na mafundi. Walirusha Po-2, ndege ya mafunzo ya mbao na kitambaa, wazi juu, inayokwenda polepole kiasi kwamba ndege za Wajerumani zikipunguza mwendo kuifuata zinataka kuanguka. Wakikaribia walizima injini au kuipunguza wakateleza kimya, wanadondosha, wanawasha, wanarudi kupakia tena. Usiku mmoja mara nane, mara kumi. Miaka mingi ya vita walirukia hivyo bila parashuti, uzito wake wakaubeba kwa mabomu. Wajerumani wakawaita wachawi wa usiku.

Nadezhda Popova aliruka mara 852. Usiku mmoja aliruka mara 18. Kaka yake aliuawa mwaka wa kwanza wa vita, na Wajerumani waliikalia nyumba yao. Huyo hana fumbo. Mtu ameingia nyumbani kwako, unapanda. Muingereza naye London yake ilipigwa miezi minane mfululizo. Msikidharau kisasi, kinampandisha mtu.

#25 | Mwalimu wa Hesabu
Shikamoo Mama. Safari 852 zimenishinda, fomula nimeiweka kando.

#26 | Mama Salha
Marahaba mwanangu. Iweke tu kando.

#27 | Mtafiti wa Jioni
Mama Salha kataja kisasi. Mimi nampinga kwa mtu mmoja, Leonard Cheshire, aliyerusha bomu la Nagasaki, safari zaidi ya mia, nishani ya Victoria Cross. Huyu hakuonyesha chuki hata chembe.

Februari 1944 alipewa kiwanda cha injini cha Gnome et Rhône, mji wa Limoges, Ufaransa. Kilikuwa kinawatumikia Wajerumani, lakini zamu ya usiku walikuwa Wafaransa, wengi wanawake. Cheshire akashuka na Lancaster yake akapita juu ya paa mara tatu, chini kabisa, bila kudondosha kitu, ili watoke wakimbie. Baada ya hapo ndipo akaweka alama na wenzake wakakivunja. Kupita mara tatu mahali pamoja ni kumpa mpigaji wa chini nafasi tatu. Mwenye kisasi hafanyi hivyo.

#28 | Kamusi ya Anga
Mtafiti, habari ya Limoges ni sahihi. Ila Cheshire hakudondosha bomu la Nagasaki. Ndege iliyolibeba, Bockscar, ilirushwa na Charles Sweeney, Mmarekani. Cheshire alikuwa ndege nyingine, ametumwa na Uingereza kushuhudia tu. Na Sweeney alitakiwa kupiga mji wa Kokura siku ile, mawingu na moshi ukazuia, akaenda Nagasaki.

#29 | Mtafiti wa Jioni
Sawa Kamusi, shukrani. Hoja yangu inasimama. Baada ya vita Cheshire alimchukua nyumbani kwake mgonjwa mmoja aliyekuwa anakufa bila wa kumtunza, akamuuguza mwenyewe. Kutoka hapo, 1948, zikazaliwa nyumba za Cheshire kwa watu wenye ulemavu, zikaenea nchi nyingi. Kenya ipo ya Limuru. Mlinganishe na Paul Tibbets aliyepiga Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, akiwa na miaka 30, kwa ndege aliyoipa jina la mama yake. Alisema mpaka uzeeni kwamba analala vizuri. Alipofariki 2007 hakutaka jiwe la kaburi, akihofia waandamanaji wangelifanya mahali pa kupingia.

Watu wawili, kazi moja, maisha mawili. Kwa hiyo mimi nasema hakuna sababu moja ya kupanda. Kila mmoja alikuwa na yake.

#30 | Dereva wa Masafa
Mtafiti hapo umekwepa swali kaka. "Kila mmoja na yake" si jibu.

#31 | Bin Nizwa
Na waliokuwa chini? Mama Salha ametaja London na haki yake. Hamburg, Julai 1943, moto uliungana ukawa dhoruba, zaidi ya watu 30,000 wakafa, wengi wanawake, watoto na wazee. Dresden, Februari 1945, hadi 25,000. Rubani wa usiku ule aliuona mwanga akiwa mbali bado. Alijua si kiwanda. Siulizi nimlaumu. Nauliza aliwezaje, maana hilo nalo ni sehemu ya kupanda tena.

#32 | Mwana wa Lincoln
Bin Nizwa, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na huku bado linawagawa watu. Nyumba ya kumbukumbu ya wanaanga hao London, Green Park, ilifunguliwa 2012, miaka 67 baada ya vita. Hawakupewa nishani ya kampeni yao wenyewe. Ilikuja baji ndogo ya utepe mwaka 2013, wengi walishazikwa.

Kuhusu aliwezaje: futi 20,000 juu, kazi ya rubani dakika zile ni kushika ndege ikae sawa kabisa, mlenga mabomu anamwelekeza, kushoto, kulia, tulia. Mabomu yakishatoka hawezi kugeuza bado. Anatakiwa anyooke kwa nusu dakika hivi mpaka kamera ipige picha, kwa sababu bila picha hakuna ushahidi kwamba walifika. Waliorudi walisema nusu dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Macho yake yako kwenye saa za mbele, si kwenye mji. Mlenga mabomu na mpiga bunduki wa mkiani ndio waliouona moto vizuri, wa mkiani akiutazama ukibaki nyuma kwa kilomita nyingi.

Na Fundi, kuna jambo la hesabu ya safari. Mwanzoni mwa 1944 jeshi liliamua kwamba safari za Ufaransa ni nyepesi, kila moja ihesabiwe theluthi moja tu ya safari. Kisha ikaja Mailly-le-Camp, usiku wa kuamkia 4 Mei, Lancaster 346 zikaenda, 42 hazikurudi. Kanuni ya theluthi ikafutwa. Inaonyesha jinsi hesabu ya safari ilivyokuwa kila kitu kwao. Walikuwa wanaishi ndani ya namba ile, 30.

#33 | Mwalimu wa Hesabu
Mailly-le-Camp ni 12 katika 100. Kwa usiku mmoja! Na kwa karatasi ilikuwa theluthi ya safari.

#34 | Kamusi ya Anga
Nuremberg, usiku wa 30 Machi mwaka huo huo, ilikuwa 95 kati ya 795. Kiwango kile kile. Mwezi unang'aa, njia ndefu iliyonyooka, ndege za Wajerumani zikachuma tu.

#35 | Binti Kigamboni
Nimerudi baada ya zamu. Mwana wa Lincoln, hiyo namba 30 imenifungua macho. Mtu anavumilia jambo kubwa sana akionyeshwa mwisho wake. Wagonjwa wa matibabu marefu wako hivyo: mwambie bado mara sita, anakaza. Mwambie hatujui, anavunjika. Labda jibu la Kijukuu limo humo. Wakati huo huo sijaiacha hoja yangu ya aibu.

#36 | Mzawa wa Mwanza
Binti, Popova wa Mama Salha hakuwa na namba ya mwisho. Alipanda mpaka vita vikaisha.

#37 | Binti Kigamboni
Kweli. Basi hapo namwachia Mama Salha.

#38 | Kijukuu wa Askari
Wakuu, mpaka sasa tuna wale sita wa Fundi, hesabu isiyoonekana ya Mwalimu, aibu ya Binti, "ni jirani" ya Dereva, akiba ya Mwana wa Lincoln, amri na ramani ya Nyeri, kisasi cha Mama. Nimejaribu kuviweka vyote juu ya Strachan: kisasi hakimfai, alitoka Jamaika. Aibu haimfai, alishamaliza mzunguko kwa heshima. Amri haimfai, aliomba mwenyewe. Kwa nini aliomba urubani baada ya kuponea kwenye bunduki? Hapo ndipo nimekwama. Mwenye jibu lake alilete.

#39 | Fundi Injini
Kijukuu, alitaka kushika usukani. Mpiga bunduki anakaa anangoja kinachompata. Rubani anafanya kitu. Nimefanya kazi na marubani maisha yangu yote, na ukimweka rubani kiti cha abiria kwenye upepo mbaya anatokwa jasho. Mpe usukani kwenye upepo ule ule, ametulia.

#40 | Mkaazi wa Nyeri
Fundi, hilo linamweleza Strachan vizuri, na linamweleza na rubani wa Lincoln wa kwetu bila kumfanya shujaa. Nalikubali nusu. Nusu nyingine bado nasema alipewa ramani.

#41 | Mwalimu wa Hesabu
Kwa usukani nakataa. Ingekuwa hivyo, wapiga bunduki wangegoma wengi kuliko marubani. Kamusi, una takwimu za LMF kwa kila kazi ndani ya ndege? Zilete tuangalie.